Maneno Chini ya Nyundo

Ko, ko, ko, halafu ti. Ko, ko, ko, ti. Nilimsikia Papa Musonda siku tatu kabla sijamwona. Nilikuwa nimelala chali kitandani, katika chumba ambacho tantine, shangazi yangu, alinitafutia huko Ixelles, sanduku langu bado halijafunguliwa, na sauti ile ikapanda kupitia mbao za sakafu, ikafuata miguu ya kitanda, ikaniingia mgongoni. Mapigo matatu mazito, moja jepesi. Nilidhani ni mabomba ya maji ya moto, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa kwamba nyumba za Brussels hugongagonga baridi inapoanza. Lakini mabomba hayapumziki saa sita na nusu kwenda kula, wala hayakohoi. Siku ya kwanza sauti ile iliniudhi. Siku ya pili niliisubiri. Siku ya tatu nilishuka ngazi nikiwa na soksi tu, nikamkuta mzee mwenye aproni ya ngozi, amekaa mbele ya chuma kilichochomoza kwenye gogo kama kichwa cha kobe, na juu ya chuma kile bakuli la shaba lilikuwa likizaliwa. Hakuinua macho. "Ni weye ule mutoto wa juu," alisema. "Unatembea sana usiku. Una njaa?"

Jumamosi iliyopita niliisikia tena. Tantine Béa amestaafu, na familia nzima, pamoja na wale tunaowaita familia kwa sababu tumekula nao sana, tulijazana kwenye nyumba yake huko Evere kumshangilia. Palikuwa na bukari, ugali wa kwetu, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga, na watoto chini ya kila meza. Mtu mmoja alitaka kutoa shukrani, akapiga makofi, akapaza sauti, hakuna aliyemsikia. Papa Musonda, ambaye sasa anatembea kwa fimbo na aliletwa kwa gari kama waziri, alichukua kijiko akagonga ukingo wa sufuria iliyokuwa mbele yake. Ko, ko, ko, ti. Sisi wanne watano tuliokuwapo mwaka ule tulinyamaza kana kwamba tumeshikwa bega. Tantine alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha meza. Binti wa binamu yangu, ambaye ana miaka kumi na tisa kama niliyokuwa nayo wakati ule, aliniuliza kuna nini, na mimi ninayeishi kwa kuandika sikupata jibu la kumpa. Nimekaa tangu Jumapili nikimtafutia.

Basi, karakana. Zamani ilikuwa duka la maziwa, na vigae vyeupe vilikuwa bado vimepanda ukutani mpaka kiunoni, kwa hiyo Papa Musonda, mtu wa Lubumbashi, mweusi kwa masizi, alikaa humo kama punje ya pilipili kwenye bakuli la ugali. Palinuka shaba iliyochomwa, nta, na ndakala, wale samaki wadogo wakavu aliowapika mwenyewe kila mchana kwenye jiko la gesi pembeni ya makoleo. Kazi yake kubwa ilikuwa kukarabati: taa, sinia, na yale masufuria mapana ya shaba ambayo bibi vizee wa mtaa ule hupikia jemu. Lakini kila alipopata nafasi alifua bakuli jipya kutoka bamba tupu, na alinieleza namna inavyokwenda, mara nyingi, kana kwamba ni habari ya dunia. Shaba ukiipiga inakuwa ngumu. Lazima uichome mpaka iwe nyekundu, uitumbukize majini, ndipo inakubali tena. Kisha unaanza kupiga katikati, ukizunguka, ukizunguka, mpaka ukingoni. Huo ni mzunguko mmoja. Ukiuanza unaumaliza, ukiuacha njiani bakuli linapinda upande mmoja na halisahau. Lile pigo jepesi la nne lilikuwa juu ya chuma kitupu, ili mkono upumue. Na kila mtu alipokanyaga kizingiti, pigo lile likawa mara mbili: ti-ti. Nilidhani ni namna yake ya kusema karibu.

Watu walikanyaga kizingiti kile kutwa nzima, kwa sababu mlango haukufungwa. Ulikuwa mlango wa kijani, na uliachwa wazi asubuhi hadi jioni, mvua au theluji, umezuiwa na kimoja cha vile vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba ambavyo watu wa Katanga walivisubu zamani za zamani viwe fedha yao. Nilipolalamika kwamba vidole vyangu vinakufa ganzi, Papa Musonda alinitazama kwa huruma. "Mulango wa fundi haufungwe muchana," alisema. "Muntu akikuta umefungwa, anapeleka sufuria yake kwa mwingine. Vaa koti." Nilivaa koti. Chumba changu cha juu kilikuwa na baridi zaidi, na huku chini palikuwa na moto wake, kwa hiyo kufikia Oktoba nilikuwa nimeshusha meza yangu, meza yenye mguu mmoja mfupi, nikaiweka kati ya vigae na rafu ya nyundo, na nikawa naandika humo huku ikiyumba kwa kila nukta.

Nilikuwa naandika kwa sababu nilikuwa na mwaka mmoja. Tantine Béa alikuwa akitunza wazee katika nyumba ya wazee huko Evere, kazi aliyoipenda na aliyoijua vizuri, na alikuwa ameshanipatia nafasi ya kuisomea. Fomu ilikuwa kwenye mkoba wake, imejazwa kila kitu isipokuwa sahihi yangu. Mimi nilitaka kuwa mwandishi. Nililitamka neno hilo mezani kwake, mdomo umejaa wali, na yeye hakucheka. Alitafuna kwanza akamaliza. "Bon," alisema. "Mwaka moja, Nadi. Mpaka mwezi wa sita. Unionyeshe kitu moja batu wanaweza kukaa na kusikiliza mpaka mwisho. Si mimi, mimi nakupenda. Batu. Ukishindwa, unatia sahihi, na hatutaongea tena mambo ya vitabu. Tumepatana?" Tulipatana. Sasa nikiwa na vitabu vyangu vitatu rafuni ninaona kwamba hakuna mhariri aliyewahi kuniwekea sharti la haki kama lile, wala gumu kama lile.

Habari yenyewe niliiokota barabarani, kwenye kile kisanduku cha mtaa ambamo watu huacha vitabu walivyokwisha kusoma. Kilikuwa kitabu cha watoto wa shule, cha Kifaransa, jalada limechanika, kuhusu makoloni kumi na matatu ya Amerika na jinsi yalivyojitoa mikononi mwa mfalme wa Waingereza. Nilikichukua kwa ajili ya picha moja. Mfua fedha wa Boston, amevaa shati la mikono mipana, bila koti, ameshika birika, kidevu amekiegemeza kwenye vidole, anakutazama kana kwamba umekatiza kazi yake na anataka kujua sababu. Kitabu kilisema alitengeneza vijiko na mabirika; kwamba alichonga kwenye bamba la shaba picha ya askari wa mfalme wakiwapiga watu risasi barabarani, ikachapwa, ikasambaa; kwamba alipanda farasi kuonya watu kuwa jeshi linakuja. Mchana ule niliwasomea waliokuwapo, nao walikuwa wawili tu. Wa pili alikuwa Tonton Yusufu, mjomba wa watu wote, mtu wa Bujumbura, dereva wa basi, ambaye siku za zamu ya jioni alikuja na sambusa alizopika mkewe na kukaa mpaka Papa Musonda amfukuze.

"Na uzeeni," nilimalizia, "akafungua kiwanda cha kubamiza shaba."

Papa Musonda aliacha tonge hewani. "Unasema shaba?"

"Shaba, papa. Alianza na fedha, akamalizia na shaba."

"Alors ni muntu wa kwetu huyu! Fedha ilikuwa kujifunza tu. Yusufu, umesikia? Fundi wa Amerika alimalizia kwa shaba."

"Nimesikia, bwana. Na uhuru ulipopatikana, kwa nini hawakumpa urais?"

"Juu alikuwa na kazi," alisema Papa Musonda, akala tonge lake.

Niliamua papo hapo. Ningeandika mchezo wa kuigiza. Tantine alikuwa katika kikundi cha akina mama wa parokia moja huko Laeken, Wakatanga wengi wao, ambao kila Juni walifanya karamu Jumapili mchana ukumbini mwao na daima walitafuta kitu cha kuonyesha. Mhusika wangu nilimwita Fundi tu. Tonton Yusufu angekuwa ofisa wa mfalme, na alilikubali jukumu hilo kabla sijamaliza sentensi. Fundi mwenyewe alikuwa mmoja tu duniani. Papa Musonda alikataa wiki mbili, kisha siku moja akaniuliza, huku akipuliza vumbi kwenye taa, kama fundi yule wa Boston aliketi kwenye kiti au kwenye gogo, nikajua amekubali.

Lakini kulikuwa na swali ambalo sikuwa na jibu lake, na nilijua kwamba sina. Mtu wa vijiko anafanya nini katika vita? Majenerali nilielewa, wanasheria nilielewa. Fundi je? Nililifunika swali kwa maneno. Niliandika kurasa tano za hotuba, na nilizipenda kama mtu anavyopenda nguo mpya: uhuru ulikuwa moto, uhuru ulikuwa farasi, uhuru ulikuwa mama. Papa Musonda alizisoma akiwa amevaa miwani yake ya kazi.

"Huyu muntu anaongea sana," alisema. "Anapiga saa ngapi?"

"Anapiga mara tatu, papa. Halafu ofisa anaingia kumpekua, naye anasimama anahutubia."

"Mara tatu!" Alilisema kama tusi lililotupwa kwa mama yake. "Na batu banamuamini juu ya nini? Juu ya mudomo?"

Nilimuuliza basi, kwao Katanga, wakati wa Wabelgiji, mafundi walifanya nini uhuru ulipokuwa unatafutwa? Baba yake si alikuwa fundi? "Ile ni mambo ya bakubwa," alisema, na akagonga chuma kitupu, ti-ti. Niligeuka kutazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

Juni ikafika. Ukumbi wa Laeken ulikuwa na madirisha marefu na jua la saa nane likiingia lote, magari ya watoto wachanga yamepangwa ukutani, harufu ya mikate ya kukaanga ikitoka jikoni. Tonton Yusufu alivaa koti jekundu lililokuwa pazia la sebule ya mtu, vifungo vya shaba vimefuliwa na Papa Musonda kimoja kimoja, na kichwani pamba nyeupe iliyobandikwa kwenye kofia. Watoto walimpigia makelele kabla hajasema neno. Tantine Béa alikaa safu ya tatu, mgongo umenyooka, mkoba juu ya magoti. Nilijua kilichokuwa ndani. Siku ya mwisho ya kupeleka fomu ilikuwa kesho yake. Nilikuwa nimempa Papa Musonda sinia kuukuu, baridi, la kugongea mara tatu, naye aliitikia kwa kichwa kwa adabu kubwa. Nilipochungulia kwenye pazia nikamwona amekaa juu ya gogo lake mwenyewe, na kwenye chuma ameweka bakuli. Asubuhi ile alikuwa amelichoma na kulitumbukiza majini. Lilikuwa limebakiza mzunguko wa mwisho.

Sehemu ya kwanza ilipita: jirani wa Fundi alieleza habari za ushuru wa chai kwa maneno yangu mengi mazuri, na mtu mmoja nyuma akapiga miayo kwa sauti. Kisha Fundi akaachwa peke yake, akainua nyundo. Ko, ko, ko, ti. Tonton Yusufu akaingia kwa kishindo. "Kwa jina la mfalme!" Hapo ndipo Papa Musonda alipotakiwa kusimama. Hakusimama. Aligeuza bakuli kwa kidole, akaendelea kupiga.

"Kwa jina la mfalme, nimesema!"

"Ngoja," alisema Papa Musonda bila kuinua macho. "Namaliza muzunguko."

Ukumbi ulicheka. Nyuma ya pazia nilimnong'oneza mstari wa kwanza wa hotuba, mara moja, mara mbili, mara ya tatu karibu kwa kupiga kelele. Nyundo ilikwenda. Tonton Yusufu alinitazama, akatazama watu, akaona kigoda, akakaa, mikono magotini, kama abiria aliyeambiwa basi limeharibika. Watu wakacheka zaidi, halafu kicheko kikaisha chenyewe, na kilichobaki kikawa sauti ile tu. Nilizikunja kurasa zangu tano. Nilikuwa nimeshaanza kujiona nimevaa sare ya tantine, najifunza kumgeuza mzee kitandani bila kumuumiza. Ndipo Papa Musonda akaanza kusema. Alisema taratibu, chini ya nyundo, na watu wa nyuma wakainama mbele ili wasikie.

"Baba yangu alikuwa fundi kule kwetu, wakati ya Babelgi. Kukutana kulikatazwa. Batu batano wakisimama pamoja, polisi anakuya. Lakini sufuria, sufuria iliruhusiwa kutoboka, si vile? Donc batu bote wakawa na sufuria ya kutoboka." Ko, ko, ko, ti. "Banaingia mumoja mumoja. Baba anapiga, batu banaongea chini ya nyundo. Nje unasikia nyundo tu. Huyu wa mgodi anapata habari ya ule wa reli, ule wa reli anapata habari ya mwalimu. Bote kwa baba. Juu mulango wa fundi hauulize unatafuta nini. Na polisi akitokea kwa kona, baba haseme kitu. Anagonga chuma tupu. Mara mbili."

Ti-ti.

Mwaka mzima nilikuwa nimeisikia sauti ile kupitia sakafu na kudhani ni karibu.

Tonton Yusufu, Mungu amzidishie, alielewa kwa kasi kuliko mwandishi. Alisimama, akavuta koti lake jekundu, akazunguka gogo mikono nyuma. "Na hapa mlikuwa mnazungumza nini?"

"Sufuria, mukubwa."

"Sufuria gani?"

"Ya huyu mama," alisema Papa Musonda, akielekeza nyundo kwa mwanamke wa safu ya kwanza, na yule mwanamke, bila kufikiri hata kidogo, akasimama akasema kwa sauti ya sokoni, "Inatoboka, papa! Inatoboka pale chini!" Na mwingine nyuma: "Na yangu!" Na mzee mmoja mwenye tai: "Yangu ilitoboka tangu wakati ule, mpaka leo banasema wanatengeneza!" Ukumbi mzima ulikuwa umesimama, kila mtu ana sufuria yake, ofisa wa mfalme anazungukazunguka jukwaani akiuliza na kudanganywa, na katikati ya makelele yale nyundo haikukosa hata pigo moja. Ilipofika ukingoni ikanyamaza. Papa Musonda alilifuta bakuli kwa kiganja, akaliweka chini, akavaa koti lake la mvua, akatoka jukwaani kwenda kupanda farasi. Hotuba haikusemwa. Nilimtazama tantine safu ya tatu. Yeye peke yake alikuwa amekaa, mkoba magotini.

Nilifurahi baadaye. Siku ile nilikaa jikoni juu ya kreti ya soda, nikala mikate sita kwa hasira, huku watu wakimbeba Papa Musonda kwa maneno kule nje. Nilijua kwamba walichokisikiliza mpaka mwisho hakikuwa changu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye meza yangu, kwa kuwa sikujua pengine pa kwenda. Mlango wazi, hewa ya Juni, ndakala tayari wamelowekwa. Ko, ko, ko, ti. Ko, ko, ko, ti-ti. Safari hii nilijua nilichoambiwa. Niligeuza karatasi zangu kifudifudi, nikasema kwa sauti, "Na ile sufuria, papa, inatoboka wapi?" Bega la Papa Musonda lilitikisika kwa kicheko.

Tantine Béa aliingia na mkoba mkono mmoja, mfuko wa plastiki mkono wa pili. Kutoka kwenye mfuko alitoa sufuria yake ya kupikia maharage, akaiweka mbele ya fundi. "Inatoboka," alisema. Papa Musonda aliinua sufuria ile juani, akaigeuza. Ilikuwa nzima kama yai. "Naona," alisema kwa heshima. "Inatoboka mubaya. Uiache."

Kisha tantine akanigeukia. "Mchezo wako ulikuwa murefu."

"Ndiyo, tantine."

"Ule jirani wa chai, nililala kidogo."

"Ndiyo, tantine."

"Pale pazuri hukuandika weye."

"Hapana, tantine. Sikuandika mimi."

"Basi andika sasa. Unaniangalia nini? Nilisema kitu batu wanaweza kukaa na kusikiliza mpaka mwisho. Mama Clémentine, ule wa safu ya kwanza, hajawahi kusikiliza hata padri mpaka mwisho. Nani alimuweka huyu mzee mbele yao na nyundo yake? Ni mimi? Papa Musonda, umewahi kuelezea muntu ile habari ya baba yako?"

"Hapana," alisema Papa Musonda. "Hakuna mwenye aliniulizaka. Yeye aliniuliza."

Tantine aliegemea meza yangu kwa viganja viwili, na meza ikayumba, ikataka kumwaga kahawa. "Hii kitu inakusumbua tangu lini?"

"Tangu Oktoba."

Alifungua mkoba. Akatoa fomu. Niliiona vizuri, jina langu limeandikwa kwa mwandiko wake wa mviringo, na ile nafasi tupu chini. Akaikunja mara mbili, mara nne, akaikunja tena mpaka ikawa nene kama kipande cha sabuni, akapiga magoti yake mabovu kwenye vigae huku akiguna, akaisukuma chini ya mguu mfupi. Akajaribu meza kwa kidole. Haikuyumba. "Voilà," alisema, akajipangusa sketi, akaenda.

Pale kizingitini alisimama akatazama ule msalaba wa shaba. Akausogeza kwa ncha ya kiatu.

"Béa, mulango wangu!" alisema Papa Musonda. "Batu watasema nimefunga!"

"Mutoto anaandika, papa. Wenye sufuria wagonge." Akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.